Kaunta Buku ya ICU: Kuhesabu Oksijeni na Watu kwenye Mstari Mmoja

Nimehudumia wagonjwa mahututi hapa Mbeya muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya wanafunzi niliowafundisha kufunga kanyula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa, leo ndio wanaonisainia ruhusa. ICU yetu, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, ina vitanda sita. Kila nesi anayekabidhiwa wodi ya namna hii kwa mara ya kwanza huniuliza jambo lilelile: Sista, nitajuaje kama oksijeni, dripu na siku za kitanda tunazotumia zinamsaidia mgonjwa, au tunavimaliza tu vitu vya watu? Humwambia akanunue kaunta buku nene yenye jalada gumu.

Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto andika kilichotumika, kulia andika kilichompata mgonjwa. Mgonjwa mmoja ana mstari mmoja unaovuka kurasa zote mbili. Wodi nyingi nilizopita zilikuwa na daftari la mitungi kwa fundi, la dawa kwa mfamasia na la vifo mezani kwa matroni, na madaftari hayo matatu hayajawahi kukutana hata siku moja.

Anza na oksijeni, maana ndiyo inayoisha usiku. Tazama begani mwa mtungi, pamegongwa mhuri wa ujazo. Kama ni lita 40 na geji ya mgandamizo inasoma bar 150, zidisha: una lita 6,000. Mgonjwa akiwa kwenye lita 5 kwa dakika, hizo ni saa 20. Akipandishwa lita 15, hazifiki hata saa 7. Sasa fanya hesabu ya jioni, ambayo ndiyo yenye maana. Geji inasoma 60, mgonjwa yuko kwenye lita 8. Usihesabu mpaka sifuri, acha 20 ya akiba. Zinabaki 40, mara 40 ni lita 1,600, gawa kwa 8 unapata dakika 200. Saa tatu na dakika ishirini. Kama zamu ya usiku inaanza saa mbili, mtungi huo hautafika saa sita, kwa hiyo wa kubadilisha uwe umeshafika kando ya kitanda kabla zamu ya jioni haijavua aproni. Andika saa ambayo mtungi utaisha, usiandike "ipo". Neno "ipo" limeshatutesa sana.

Hospitali niliyoanzia kazi, siitaji, mitungi mitupu na iliyojaa ilisimama pamoja kwenye korido. Umeme ukakatika usiku wa Julai, konsentreta, mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani, ikanyamaza, tukavuta mtungi wa akiba kumbe mtupu, na wa pili mtupu. Tulimpumulisha kijana wa watu kwa ambu, ule mfuko wa kubana kwa mkono, tukipokezana na ndugu zake, hadi alfajiri. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1952 kule Copenhagen, polio ilipozidi, wanafunzi wa udaktari walifanya kazi hiyohiyo ya mikono kwa miezi, na wodi kama zetu duniani zilianzia hapo. Nilicheka peke yangu. Tangu hapo mitungi yangu ina vipande vya plasta shingoni: IMEJAA, INATUMIKA, TUPU, na mitupu inakaa nje ya mlango. Konsentreta nayo ina mstari wake: nani aliosha kichujio cha nje wiki hii. Vumbi la kiangazi cha huku unalijua.

Halafu jifunze kutokumwaga. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mtu mzima asiye na ugonjwa wowote anaweza kusoma 94 au 95 kwenye kipimo cha kidoleni, yaani asilimia ya oksijeni kwenye damu. Nesi aliyetoka Dar anaona 94 anapandisha fulomita, ile ya kuongeza na kupunguza oksijeni, anatafuta 100. Hatuihitaji 100. Wagonjwa wetu wengi tunawalenga kati ya 92 na 96, na wale wa mapafu ya muda mrefu, wazee waliovuta sigara au moshi wa kuni miaka yote, 88 hadi 92. Kila saa nne mtu apite na swali moja: huyu naweza kumpunguzia? Akipunguza, aandike. Ila kabla hujaiamini namba, shika mkono wa mgonjwa. Juni na Julai wanakuja kutoka Uyole, Isyonje au Makete vidole vikiwa kama vimetoka kwenye friji, na kipimo kinasoma 81 kwa mtu anayekusimulia habari za shamba lake. Upashe mkono moto, usubiri, upime tena.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye sheria hii ya kubana haimhusu. Ni yule aliyelala na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Kipimo cha kidoleni kitakuambia 99, nacho kinakudanganya: hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu ya mkaa. Huyo mpe oksijeni nyingi kwa barakoa yenye mfuko, bila kujali kidole kinasema nini. Kwa hewa ya kawaida sumu hiyo huchukua saa nne hadi tano kupungua nusu. Kwa oksijeni tupu ni kama saa moja na nusu. Huo mtungi haukupotea. Kwenye daftari andika "mkaa" ili kwenye kikao cha Ijumaa mtu asikulaumu.

Dripu iandike kwa mililita na saa, si kwa chupa. Huwa nawakumbusha vijana utafiti mkubwa wa watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu uliofanyika Kenya, Uganda na hapa Tanzania, ukatoka mwaka 2011. Watoto zaidi ya 3,000. Waliomiminiwa maji ya haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48, karibu 10.6 kwa mia, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakumiminiwa. Siku ile niliposoma, nilifikiria chupa zote nilizowahi kuzifungulia nikiamini nasaidia. Antibayotiki andika tarehe ya kuanza na siku ya kuuliza kama ziendelee, inatosha.

Ukurasa wa kulia ndio wenye utata. Wengi huandika "amefariki" au "ametoka", kisha mwisho wa mwezi wanatoa asilimia, na asilimia hiyo inawapiga. Kabla ya yote andika mgonjwa aliingia na hali gani. Wenzetu Marekani walitoa mwaka 1985 kipimo cha APACHE II, chenye vipimo 12 vya mwili pamoja na umri na magonjwa ya muda mrefu, lakini kinadai kipimo cha gesi ya damu na maabara inayojibu usiku. Sisi tunahesabu alama tano za hatari mlangoni: oksijeni chini ya 90, presha, ile namba ya juu, chini ya 90, pumzi zaidi ya 30 au chini ya 8, mapigo zaidi ya 130 au chini ya 40, na fahamu, yaani haitikii ukimwita. Mwenye alama mbili kushuka anaingia kundi jepesi, mwenye tatu na kuendelea kundi zito. Kuzihesabu ni dakika mbili.

Tuseme Januari ulipokea kumi, wakafa watatu. Juni ukapokea kumi, wakafa watano. Mganga mfawidhi atakuita. Fungua daftari. Januari wanane walikuwa kundi jepesi, akafa mmoja, na wawili wazito wakafa wote. Juni wepesi walikuwa wawili, hakufa hata mmoja. Wazito wanane, wakafa watano, watatu wakapona. Kila kundi limefanya vizuri zaidi mwezi ule unaoitiwa ofisini. Namba hizi ni za mfano tu, lakini kikao chake nimekikalia, na nilikuwa nimeenda mikono mitupu.

Halafu mfuate mgonjwa mpaka getini. Kuondoka ICU si kupona. Mwandike upya siku anayotoka hospitali: hai, amefariki wodini, amepewa rufaa, au ndugu wamemchukua kwa sababu fedha imeisha. Hilo la mwisho lina safu yake kwangu, na lisichanganywe na waliopona. Aliyerudi ICU ndani ya saa 48 mpigie duara jekundu; mara nyingi tulimtoa ili kitanda kipatikane, tukahesabu siku tuliyookoa bila kuhesabu tano zilizofuata.

Ijumaa saa nane mchana keti na daktari wa wodi, fundi na mfamasia, dakika ishirini, watu wamesimama kama hakuna viti. Msisome mistari yote. Chagueni wawili: aliyetumia vingi zaidi, na mwepesi aliyefariki. Huyo wa pili ndiye mwalimu. Mara kadhaa tumekuta alama ya hatari iliandikwa saa tisa usiku na hatua ikachukuliwa saa mbili asubuhi. Dawa ilikuwepo, mtungi ulikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kumwamsha daktari bila kuogopa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1986, hospitali 13 na wagonjwa 5,030, ulikuta tofauti kubwa za vifo kati ya wodi na wodi, na waandishi wakaiona chanzo chake zaidi katika namna madaktari na manesi walivyoelewana kuliko katika mitambo. Kwetu tuliishia kubandika karatasi ukutani: alama moja ya hatari, nesi anapiga simu, daktari asipofika ndani ya dakika kumi, nesi anampigia bosi wake. Wiki ya kwanza walininunia.

Daftari likae juu ya meza ya manesi, si kabatini kwa kufuli. Kalamu ifunge humo kwa bandeji, fundo mbili. Mifuko ya makoti ya madaktari haina mwisho.