Jumamosi Kuu kigangoni: namna ya kuitunza siku ya kaburi

Wanawake waliomfuata Yesu waliandaa manukato Ijumaa ileile aliyozikwa, kisha siku ya sabato wakastarehe kama ilivyoamriwa (Luka 23:56). Ratiba yenu na iwe hiyo. Vya Mkesha, ibada ya usiku wa kuamkia Pasaka, viwe tayari mapema, Jumamosi ibaki ya kukaa kaburini.

Kinachoiharibu siku hii zaidi ni mazoezi ya kwaya. Spika zinajaribiwa tangu asubuhi, Aleluya inaimbwa mchana kutwa, na usiku ukiingia imekwisha ladha. Mazoezi ya mwisho yawe Jumatano.

Altare ibaki bila kitambaa, Tabernakulo, kisanduku cha kutunzia Ekaristi, wazi na tupu. Hakuna Misa mchana. Komunyo hupelekewa mtu aliye kufani tu, ila Kitubio na Mpako wa Wagonjwa vinaruhusiwa. Asubuhi kusanyikeni kwa Zaburi 4, 16 na 24, bila ngoma, na kimya cha dakika tano baada ya kila moja. Wengi wataziona dakika hizo ndefu, msizipunguze. Zaburi ya 16 ndiyo kiini: “hutakuachia kuzimu nafsi yangu” inasomwa jiwe likiwa bado mlangoni. Kaeni kama matangani, mkekani, sauti chini. Aliyefiwa karibuni asihimizwe kufurahi. Leo ndiyo siku yake, aketi nanyi. Mkiweza, tandikeni chini ya msalaba kipande cha lubugo, kitambaa cha gome la mutuba ambacho Baganda huwavishia wafu wao. Anayekiona ameshaelewa kabla ya mahubiri.

Kufunga Ijumaa ni wajibu, Jumamosi ni hiari inayohimizwa. Matoke yafungwe majanini jioni, yaliwe baada ya Mkesha.

Pasaka kwetu huangukia mara nyingi msimu wa mvua, hivyo kuni za moto wa Mkesha ziingizwe ndani wiki mbili kabla. Zikiwa mbichi mtamwagia mafuta ya taa, na hapo kuna hatari ya mtu kuungua. Mshumaa wa Pasaka uwe wa nta halisi, mpya kila mwaka. Matundu matano ya kuchomeka punje za ubani toboeni mapema kwa msumari uliopashwa moto. Ukilazimisha punje kwenye nta baridi, mshumaa unapasuka mbele ya watu wote. Kwangueni pia nta iliyofunika utambi, la sivyo upepo utauzima.

Msianze mapema kwa kuhofia usafiri. Hapa jua huzama karibu saa moja kasoro, kwa hiyo saa mbili giza ni kamili, na bila giza mshumaa hausemi kitu. Mtu mmoja asimame kwenye swichi: taa za kanisa ziwashwe baada ya “Mwanga wa Kristo” kuimbwa mara ya tatu, mishumaa ya altare isubiri wimbo wa Utukufu. Masomo ya Agano la Kale ni saba. Mkipunguza yasipungue matatu, na Kutoka 14 haliachwi kamwe.

Aleluya huanzishwa na padri mara tatu, kila mara akipandisha sauti. Kwaya inyamaze mpaka amalize ya kwanza, ndipo ipokee.