Kabla ya kulaumu kabureta, gusa distributa

Lori la zamani la petroli likiwa zito kuvuta, fungua kwanza kifuniko cha distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi. Shika rota, kile kipande kinachozunguka katikati, izungushe kidogo upande inakozungukia, kisha iachie. Ikirudi yenyewe chap, vizito na springi zake, vinavyowahisha cheche mizunguko ikipanda, ni vizima. Ikibaki hapo hapo, vimekwama, na injini itachoka kila mizunguko ikipanda.

Halafu chomoa mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini, nao huwahisha cheche) kwenye kabureta, ufyonze kwa mdomo na uzibe kwa ulimi. Sahani ya platinamu ndani ya distributa lazima isogee na itulie. Ikirudi, diaframu (ngozi ndani ya kopo la vakyumu) imetoboka au mpira unavuja. Hasara utaiona kwenye mafuta, ukiwa mwendo wa kawaida na mguu mwepesi. Mlimani usiilaumu diaframu: pedali ikikanyagwa mpaka chini, vakyumu karibu yote hupotea.

Ila Ford F-100 za miaka ya 1950 zenye silinda 6 ni habari nyingine. Distributa yao, Load-O-Matic, haina vizito kabisa. Inaongozwa na vakyumu tu, kutoka kabureta iliyotengenezwa kwa ajili yake. Tafadhali usiifungie kabureta yoyote uliyoiokota dukani, utahangaika na taimingi (wakati wa cheche) mwezi mzima.