Jinsi ya Kuzamia Manowari za Kijerumani Katika Maji Baridi ya Scapa Flow

Tarehe 21 Juni 1919, katika ghuba ya Scapa Flow kwenye visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti, Admirali wa Kijerumani Ludwig von Reuter aliwaamuru mabaharia wake wazizamishe manowari zao wenyewe ili zisiangukie mikononi mwa Waingereza. Kati ya meli 74 zilizokuwa zimezuiliwa pale baada ya Vita Kuu ya Kwanza, 52 zilizama. Nyingi ziliinuliwa baadaye zikauzwa kama chuma chakavu, na leo wazamiaji huziendea saba: kubwa tatu, ambazo ni König, Markgraf na Kronprinz Wilhelm, na nyepesi nne, ambazo ni Cöln, Dresden, Brummer na Karlsruhe.

Anayekwenda mara ya kwanza aanze na hizo nyepesi, hata kama ukubwa wa nyingine unamvutia. Zile kubwa, kwa uzito wa mizinga na minara yake, zilipinduka zikalala mkuku juu, na mgeni anaweza kuogelea dakika nyingi kando ya ukuta wa chuma bila kujua anatazama nini. Isitoshe, Markgraf imelala karibu mita 45 chini. Cöln imelala kwa ubavu, nayo inasomeka vizuri zaidi, mradi mzamiaji akumbuke kwamba sitaha anayoitazama sasa imesimama wima kama ukuta.

Maji hufikia nyuzi 6 hivi mwanzoni mwa machipuko na 13 au 14 mwishoni mwa kiangazi, kwa hiyo suti kavu, yaani suti isiyopitisha maji, ni ya lazima. Suti hii hubeba hewa, na hewa hiyo hubanwa kadiri unavyoshuka. Utaiongeza kidogo kidogo kwa kitufe cha kifuani, na wakati wa kupanda utaitoa kwa vali ya mkono wa kushoto, kiwiko kikiwa juu. Miguu ikitangulia juu, hewa hukimbilia miguuni, mahali ambapo vali haiifikii, nawe utapandishwa kwa kasi usiyoweza kuizuia. Zoezi la kujigeuza lifanyike mapema, katika maji ya kina kifupi. Kabla ya kuvaa glavu, pitisha kidole kuzunguka mpira wa kifundo cha mkono, kwa maana uzi mmoja tu wa sweta ukibaki kati ya mpira na ngozi utaingiza maji mpaka kwenye kiwiko.

Hatari inayodharauliwa zaidi ni kuganda kwa regulata, kifaa kinachompa mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi. Hewa inayotoka kwenye shinikizo kubwa la mtungi hupoa sana inapotanuka, barafu hujijenga ndani, vali hukwama ikiwa wazi, na hewa humwagika bila kukoma. Tumia regulata iliyotengenezwa kwa maji baridi, usiivute ukiwa bado juu kwenye upepo, wala usibonyeze kitufe cha suti kwa muda mrefu. Muhimu kuliko yote, uwe na regulata mbili kwenye vali mbili tofauti, na ujizoeze kuifunga ile iliyokwama ukiwa umevaa glavu nene, kwa kuwa vidole vilivyokufa ganzi hushindwa hata kufungua kulabu ya tochi.

Hesabu ya hewa ifanywe kwa theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya dharura. Anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu atavuta lita 90 katika mita 35, na mitungi miwili ya lita 12 yenye shinikizo la bari 200 itampa chini ya dakika 18 kwa theluthi ya kwanza. Baridi huongeza uvutaji, kwa hiyo geuka mapema.

Usiingie ndani ya meli bila mafunzo maalumu na kamba ya kurudia, kwa sababu pezi moja likigusa tope laini, mwanga wote hupotea. Usiokote kitu chochote. Mabaki haya yanalindwa kisheria. Manowari ya Uingereza Royal Oak, iliyozamishwa katika ghuba hiyo hiyo na nyambizi ya Kijerumani U-47 tarehe 14 Oktoba 1939 pamoja na watu zaidi ya 830, ni kaburi la vita, na ni marufuku kwa wazamiaji wa kawaida.

Wakati wa kupanda, fuata kamba ya boya na urefushe vituo vyako vya kusimama njiani, kwa kuwa mwili uliopoa hutoa polepole naitrojeni iliyouingia kule chini. Ukishafika chomboni, vua suti, vaa nguo kavu, na usikimbilie kuoga maji ya moto wala kunyanyua mitungi.