Mvua Ikichelewa: Namna ya Kuongoza Mjadala wa Falsafa Kuhusu Mungu

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Desemba ikifika na ardhi bado ni vumbi, kauli moja huanza kusikika sokoni, kanisani, msikitini na ndani ya daladala: "Mungu ametukasirikia." Hakuna mlango mzuri wa kuingilia falsafa kuliko kauli ya namna hii, ambayo watu wanaijali na mbegu zao ziko ndani ya magunia zikisubiri.

Kusanya watu 8 hadi 12. Wakizidi hapo, watatu watazungumza na waliobaki watasikiliza. Tenga saa moja na nusu, ubao, chaki na swali moja tu. Ukiweza, changanya Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki na Waislamu, kisha eleza mapema kanuni hii: aya ya kitabu kitakatifu inaruhusiwa kueleza kile mtu anachokiamini, lakini haimfungi asiyekikubali kitabu hicho. Mwenye aya anatakiwa aongeze sababu ambayo jirani yake anaweza kuipima. Kanuni hii ikisahaulika, kikao hugeuka mahubiri ndani ya dakika kumi.

Andika kauli ubaoni neno kwa neno, bila jina la aliyeisema. Kwetu jambo hili ni la lazima. Kijana hawezi kumwambia mzee "si kweli" mbele za watu, wala haifai. Lakini kauli iliyoko ubaoni haina mwenyewe, na kijana anaweza kusema kwa heshima zote, "Mzee, tukiichukua kauli hii ya ubaoni, itatufikisha wapi?"

Sasa tenganisha maswali. Mvua imechelewa siku ngapi? Hilo ni la kipimo cha mvua na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tutubu, tufunge, tuombe vipi? Hilo ni la dini. Tunajuaje kwamba kuchelewa kwa mvua ni ishara ya hasira? Hilo ndilo la falsafa, na ndilo mtakalobaki nalo.

Anza na neno zito, "kukasirika". Lipe dakika 20 nzima. Je, Mungu hukasirika kama baba aliyevunjiwa chungu, moyo ukimwenda mbio? Wengi watakataa. Basi neno lina maana gani? Thomas Aquinas (1225–1274), mwanateolojia na mwanafalsafa wa Kikatoliki, alifundisha kwamba maneno tunayomsemea Mungu hayabebi maana ileile tunayoyatumia kwa mwanadamu, wala maana tofauti kabisa. Yanabeba maana ya mlingano, yaani inayofanana kwa sehemu na kutofautiana kwa sehemu. Waulize pia wazee Wahehe na Wabena wanasema nini wanapotaja Nguluvi, na Wanyakyusa wanapotaja Kyala. Usidhani majina hayo yamebeba picha moja kwa sababu tu yote hutafsiriwa "Mungu".

Kisha kagua umbo la hoja. Mara nyingi huja hivi: Mungu akikasirika, mvua huchelewa, mvua imechelewa, kwa hiyo Mungu amekasirika. Iweke kando ya hii: mbuzi akifungwa vibaya, mahindi huliwa; mahindi yameliwa; kwa hiyo mbuzi alifungwa vibaya. Kila mkulima ataona kasoro papo hapo, maana huenda ni nguruwe pori au ngedere. Angalizo: kuonyesha kwamba hoja ni mbovu si kuonyesha kwamba hitimisho lake ni uongo. Huenda mbuzi alifungwa vibaya kweli. Waongozaji wapya huanguka hapa kuliko mahali pengine popote, wakadhani wameipindua imani ya mtu kumbe wameondoa nguzo moja tu.

Leta mfano unaobana. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka; bonde la Usangu, mkoa huohuo wa Mbeya, hupata chini ya nusu ya hiyo. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa hupanda milima ya Rungwe, hupoa na kuangusha maji huko. Usangu iko nyuma ya milima. Je, watu wa Mbarali, wilaya yenye bonde la Usangu, wana dhambi kuliko wa Rungwe, wilaya yenye Tukuyu?

Msiishie hapo, kwa kuwa mwumini ana jibu, na ni jibu zito. Aquinas angesema Mungu ndiye sababu ya kwanza, naye hufanya kazi kupitia sababu za pili kama upepo na mlima, kwa hiyo kuutaja mlima si kumkana Mungu. Al-Ghazali, mwanateolojia wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi: pamba ikigusana na moto tunaona kuungua kunafuata, lakini hatuoni kwamba moto ndio ulioiunguza, Mungu ndiye anayeunguza. Ibn Rushd (1126–1198), mwanafalsafa wa Kiislamu, alimjibu kwamba anayekana sababu za vitu anakana maarifa yenyewe. Weka hoja hizi tatu ubaoni, kila moja ipewe watetezi, tena wapangie wasiokubaliana nayo. Kabla ya kujibu, kila upande urudie hoja ya wenzake mpaka wenyewe waseme, "Ndivyo tulivyosema." Zoezi hili huchosha, na mara nyingi nusu ya ugomvi huisha hapohapo.

Kuna mipaka, nayo itajwe waziwazi. Mwaka 1781 Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, alitetea kwamba akili ya nadharia, yaani akili inapotafuta kujua mambo yalivyo, haiwezi kuthibitisha kuwapo kwa Mungu wala kutokuwapo kwake. Si wote waliokubaliana naye, ila swali lake libaki mezani: tunadai kujua kwa njia ipi? Falsafa pia haitoi faraja kwa kipimo cha sala. Aliyepoteza shamba lote wiki hiyo asiwekwe katikati ya duara kuchambuliwa kauli yake. Mpe pole, mjadala utasubiri. Na asiyeamini asipewe cheo cha hakimu, kwani "ni bahati tu" nayo ni kauli ya kuandikwa ubaoni na kukaguliwa vilevile.

Msipige kura. Dakika kumi za mwisho kila mmoja aandike dai moja aliloliacha, moja alilobaki nalo na sababu yake, na swali moja jipya. Kusanya karatasi, swali litakalojirudia zaidi ndilo la kikao kijacho. Futa ubao, funga kikao kwa maneno, ndipo wanaotaka kuomba mvua waombe, kila mmoja kwa dini yake.