Somo: Kuchagua na kutunza fanicha za nje zisioze, zisishike kutu wala kupauka

Wakuu, mvua peke yake haiui fanicha ya nje. Kinachoiua ni maji yanayobaki baada ya mvua: kwenye maungio ya mbao, ndani ya bomba la chuma, katikati ya sponji, chini ya turubai lisilopitisha hewa. Jua linafuata, na kwa plastiki na vitambaa ndilo adui wa kwanza. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye swali moja: maji yakiingia hapa, yatatokea wapi?

Hatua ya 1: Pima nafasi

Chukua futi kamba kabla ya kuangalia fanicha yoyote. Meza ya kulia kwa kawaida ina kimo cha sentimita 72 hadi 76, na viti vyake sentimita 43 hadi 46. Kila mkaaji anataka kama sentimita 60 za ukingo wa meza. Nyuma ya viti acha sentimita 90 ili mtu asogeze kiti na mwingine apite. Kama ni juu ya nyasi au udongo, kwepa miguu myembamba, maana itazama na fremu itapinda.

Hatua ya 2: Chagua malighafi

Mbao: mtiki (msaji) unasifiwa kwa haki. Una mafuta yake ya asili, wadudu hawaupendi, na hautanuki wala kusinyaa sana. Mvule na mninga nazo zinavumilia nje vizuri. Lakini sifa hizo ni za kiini cha mti tu. Sehemu ya nje ya gogo, ile yenye rangi ya weupe, inaoza haraka hata kwenye mtiki, na mafundi wengine huichanganya kwa sababu ni rahisi. Ukiona ubao una upande mweusi na upande mweupe, uulize, na mweupe usikubali uwe kwenye miguu. Paini inafaa nje ikiwa imetiwa dawa kwa shinikizo. Kumbuka dawa hiyo haifiki katikati ya ubao mnene, hivyo kila utakapoikata au kuitoboa, paka dawa upya kwenye jeraha hilo.

Chuma cha kawaida ni imara na kizito, upepo hauchezi nacho, ila kinategemea rangi kwa asilimia mia. Kilichochovywa kwenye zinki kabla ya kupakwa rangi ni bora mara nyingi zaidi, kwa sababu rangi ikikwaruzwa zinki inaliwa kwanza na chuma kinabaki. Alumini haipati kutu nyekundu na ni nyepesi. Hakikisha bomba lina unene wa walau milimita 1.5, la sivyo litabonyea. Stenlesi ni nzuri, lakini karibu na bahari daraja la 304 hupata madoa ya kahawia, kwa hiyo huko tafuta 316. Sumaku ndogo mfukoni inasaidia: kwa alumini haishiki kabisa, kwa chuma inang'ang'ania.

Plastiki: uliza kama ina kinga dhidi ya mionzi ya jua. Isiyo nayo huanza kutoa unga mweupe, kisha inapasuka bila onyo mtu akiwa amekaa. Kwa viti vya kusukwa, uzi wa polithini nzito unavumilia jua kuliko wa PVC, ambao hukauka na kukatika. Henzirani halisi ni ya barazani kwenye paa, si ya mvuani.

Vitambaa: geuza kitambaa uone upande wa ndani. Rangi ikiwa upande mmoja tu, imechapwa juu na itapauka. Akriliki ambayo uzi wake ulitiwa rangi kabla ya kusokotwa ndiyo inayodumu. Angalia na uzi wa kushonea: wa pamba utaoza hata kama kitambaa ni kizima, wa poliesta utakaa.

Hatua ya 3: Ikague kabla ya kulipa

Hapa ndipo pesa nyingi zinapookolewa, kwa hiyo usione haya kuchukua muda. Ipindue fanicha miguu juu.

Kwenye mbao, tazama maungio. Ulimi ulioingia tundu lake na kugundishwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji ni kazi ya kudumu. Misumari peke yake italegea, kwa sababu mbao inatanuka na kusinyaa kila msimu huku msumari umetulia pale pale. Mbao za kukalia ziachane kwa milimita 5 hadi 8. Zikibanana, maji na takataka vinakaa katikati.

Kwenye chuma, tafuta tundu dogo sehemu ya chini kabisa ya kila bomba. Bomba lililozibwa vizuri pande zote halina shida, lakini lenye mwanya mdogo juu na lisilo na tundu chini linajaa maji na kuoza kutokea ndani, huku nje rangi inang'aa. Pitisha kidole kwenye maungio ya kuchomelea: yawe yamezunguka bomba lote, si nukta mbili tatu.

Halafu mwaga kikombe kimoja cha maji juu ya meza au kiti na usubiri dakika tano. Maji yakisimama mahali, hapo ndipo patakapoharibika kwanza. Muuzaji akikataa jaribio hilo kwa kitu kinachouzwa kama cha nje, umeshapata jibu.

Hatua ya 4: Linda miguu

Ncha ya mguu wa mbao ndiyo inayonyonya maji kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa kuwa vinyweleo vya mti vimekatwa na viko wazi. Mguu ukisimama kwenye kidimbwi, maji hupanda sentimita kadhaa bila wewe kuona. Pindua kiti kikiwa kikavu, paka ncha za miguu gundi ya epoksi iliyo nyepesi mara mbili, kisha pigilia vikanyagio vya plastiki vinavyoinua mguu kwa milimita 5 hivi. Kazi ndogo hii inaongeza maisha ya kiti kuliko makopo ya mafuta.

Hatua ya 5: Usafishe kwa upole

Ndoo ya maji ya uvuguvugu na kijiko cha sabuni ya maji vinatosha kwa karibu kila kitu. Tumia brashi laini, sugua kufuata uelekeo wa nyuzi za mbao, suuza, acha ikauke kivulini. Usitumie brashi ya waya wala sufi ya chuma kwenye mbao: vipande visivyoonekana vinabaki ndani na kugeuka madoa meusi. Kwa alumini na chuma kilichopakwa rangi epuka unga wa kusugulia. Karibu na bahari, suuza fanicha za chuma kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya wiki mbili. Chumvi iliyokaa inavuta unyevu hata siku zisizo na mvua.

Hatua ya 6: Mafuta ya mbao, kwa wanaotaka

Mtiki hauhitaji mafuta ili uishi. Mafuta ni ya rangi tu. Ukiamua kupaka, piga msasa namba 80 pale palipo na mikwaruzo, malizia na 120, futa vumbi, kisha acha mbao ikauke siku mbili za jua. Paka koti jembamba, subiri dakika 15 hadi 20, halafu futa kwa kitambaa mafuta yote ambayo hayajaingia. Watu wanaruka hatua hii ya kufuta, ndiyo maana viti vyao vinanata na kushika vumbi. Rudia baada ya saa 24. Makoti mawili yanatosha.

Jambo la hatari: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani (aina mojawapo ya mafuta ya mbao) hujipasha joto vikikunjwa na vinaweza kuwaka vyenyewe. Viloweke kwenye ndoo ya maji, au vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke. Usivitupe kwenye pipa vikiwa vimeviringwa.

Hatua ya 7: Kutu ikianza

Usipake rangi juu ya kutu. Kwangua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe, piga msasa wa 80 na kuzidi mpaka wa kutu kwa sentimita 2, futa kwa tina, paka praima (rangi ya msingi) ya kuzuia kutu siku ile ile, kisha makoti mawili ya rangi ya nje.

Hatua ya 8: Mito na vifuniko

Sponji la kawaida linabeba maji kwa siku kadhaa. Mto ukilowa, usiulaze. Usimamishe kwa upande wenye zipu chini, maji yatoke. Kifuniko kiwe na matundu ya hewa, na kiishie sentimita 10 juu ya sakafu. Nailoni iliyofungwa mpaka chini inatoa jasho kwa ndani, na ukungu unaanza ndani ya siku chache.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mtiki wangu umegeuka kijivu kabisa. Umeshaoza?

Jibu: Hapana, mkuu. Jua limekula rangi ya juu, unene wa karatasi tu. Chomeka ncha ya bisibisi: ikigoma kuingia, mbao ni nzima. Wengi wanaupenda ukijivu huo. Usipoutaka, osha, piga msasa 80 kisha 120, kahawia itarudi.

Swali: Kuna madoa meusi kuzunguka kila skrubu. Sabuni haiyatoi.

Jibu: Hiyo ni tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, iliyokutana na chuma. Ng'oa skrubu kwanza na uweke za stenlesi, la sivyo doa litarudi. Kisha yeyusha gramu 50 za asidi ya oksaliki katika lita moja ya maji ya moto, kwenye ndoo ya plastiki. Paka ubao mzima, si doa peke yake, ili usipate viraka. Subiri dakika 15, suuza kwa maji mengi. Vaa glavu na miwani, usivute unga wake, na weka mbali na watoto kwani ni sumu. Isikutane kamwe na dawa yenye klorini, maana inatoa gesi ya hatari.

Swali: Napaka vanishi kila mwaka na kila mwaka inabanduka. Nibadilishe aina?

Jibu: Tatizo ni utando wenyewe. Mbao ikitanuka, vanishi inapasuka, maji yanaingia chini yake na hayana pa kutokea. Kuongeza koti juu ya inayobanduka ni kuficha tu. Itoe yote kwa msasa, halafu tumia rangi nyepesi inayonyonywa na mbao, yenye chembe za rangi. Hiyo inachakaa taratibu bila kubanduka, na kuirudia ni kuosha na kupaka.

Swali: Bolti za stenlesi kwenye kiti cha alumini zimezungukwa na unga mweupe, na moja haifunguki.

Jibu: Metali mbili zikikutana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Mwagia mafuta ya kupenya, acha usiku mzima, fungua kwa kukaza kidogo kwanza kisha kulegeza. Ukirudisha, weka washa za nailoni pande zote mbili na grisi kwenye meno ya bolti.

Nyongeza ya mwanachama: Naunga mkono. Na kiti cha mbao kikianza kucheza, msipigilie msumari kwenye ungio. Unapasua ulimi. Fungua, kwangua gundi ya zamani mpaka mbao itokee, gundisha upya na ubane kwa kamba saa 24.

Swali: Mashine ya kuoshea magari inafaa kwa mbao? Inatoa uchafu haraka sana.

Jibu: Inatoa na nyuzi laini pia, mbao inabaki na mifereji inayoshika maji na ukungu. Kama huna namna, simama mbali, tumia pua pana na shinikizo la chini kabisa. Kwa viti vya kusukwa, mpira wa bustani na mswaki wa zamani unatosha.

Swali: Viti vya plastiki vinatoa unga mweupe. Nikivipaka rangi vitapona?

Jibu: Rangi itazuia jua lisiendelee kuvila, lakini nguvu iliyopotea hairudi. Bonyeza mguu wa nyuma kwa mkono mpaka upinde kidogo: ukisikia mlio au ukiona mstari mweupe kwenye kona, usikae tena. Kama kimepita, osha, piga msasa 220, paka praima ya plastiki, kisha rangi ya kupuliza kwa makoti matatu mepesi.