Kwenda Fungu kusaka wahuu na jodari: anza na mafuta na barafu, rodi baadaye

Wadau wengi wanaoulizia safari ya Fungu, yaani kile kisiwa ambacho Zanzibar wanakiita Fungu Kizimkazi, bara wengine wanasema Fungu Mbaraka na kwenye ramani kimeandikwa Latham, swali lao la kwanza ni rodi gani (fimbo ya kuvulia) wanunue. Hilo acheni kwanza. Kile kisiwa kiko zaidi ya kilomita 60 baharini, hakina mti wala maji ya kunywa, ni mwamba na mchanga na ndege basi, kifupi kiasi kwamba hukioni mpaka uwe karibu. Ila pembeni yake kina kinashuka ghafla hadi mamia ya mita, mkondo unagonga ule ukingo, vidagaa vinakusanyika na samaki wakubwa kama wahuu na jodari wanavifuata, ndo maana watu wanaacha samaki wa karibu wanaenda kule.

Mafuta unagawa mara tatu. Theluthi ya kwenda na kurambaza (kuvuta chambo nyuma ya boti inayotembea), theluthi ya kurudi, theluthi ya mwisho usiiguse hata samaki wakichemka mbele ya boti. Injini mbili, tena kila moja na njia yake ya mafuta, maana tenki likiingia maji na zote zinanyonya humo humo hizo injini mbili hazina maana. Simu itakata mapema sana, kwa hiyo redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, GPS na nyingine ya akiba, laifujaketi za watu wote, na mtu wa nchi kavu anayejua mnarudi saa ngapi na ampigie nani msiporudi. Mkiweza nendeni boti mbili. Leseni ya uvuvi wa michezo shughulikieni kabla, na kisiwani msishuke, ndege wanataga pale chini kwenye mchanga.

Upepo sasa. Kusi likishika, Juni Julai, mi siendi na sioni sababu ya mtu kwenda. Likianza kulegea, Septemba mpaka Novemba, bahari inatulia na jodari wanakuwepo, kisha kaskazi linaingia na wahuu bado wapo. Lakini kaskazi nalo lina ujanja wake, mkondo wetu wa pwani unakwenda kaskazini mwaka mzima, sasa upepo ukitoka kaskazini vinakutana uso kwa uso na unapata mawimbi mafupi yaliyosimama, yanachosha kuliko yale marefu ya kusi, so usiangalie nguvu ya upepo peke yake angalia na unatokea wapi.

Wahuu ni jamaa wa nguru, mrefu, ana michirizi ya bluu ubavuni, na meno yake yanakata nailoni hata iwe nene vipi. Waya lazima. Weka kipande kifupi tu kati ya mshipi na chambo, na vyuma vyote viwe vidogo na vyeusi, kitu chochote kinachong'aa kwenye mshipi atakigonga na umeshapoteza kila kitu kilichofuata nyuma. Chambo bandia cha rangi nyeusi na zambarau, au nyekundu na nyeusi, kinafanya kazi vizuri. Watu wengi wanarambaza kwa mwendo wa noti 7 au 8 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa) na wanampata, ila ukimtaka yeye hasa weka chambo chenye kichwa kizito cha madini ya risasi na upandishe mpaka noti 12 na zaidi, huyo samaki kasi haimpi shida. Pita sambamba na ule ukingo, usiukate katikati, asubuhi mapema ndo saa yake.

Akigonga, usizime mwendo. Hapa ndo wageni wanakosea, wanashangilia, nahodha anaweka nyutro, mshipi unalegea sekunde moja na wahuu katikisa kichwa kaondoka. Endelea na mwendo kidogo, mara nyingi hayuko peke yake na rodi ya pili italia. Akifika ubavuni piga kulabu mara moja, muingize moja kwa moja kwenye boksi kichwa kikitangulia, funika. Usimwache achezecheze sakafuni na ndoana zinaning'inia mdomoni, na bana vaeni viatu.

Jodari unamtafuta kwa macho. Membe, wale ndege wa baharini, wakiruka juu juu wanatafuta tu, wakianza kujitupa majini chakula kimepanda. Usipitishe boti katikati ya kundi, watazama wote na mtaangaliana, zunguka kwa nje ili chambo ndio kipite pembeni yao. Breki ya rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) ipime nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza, karibu theluthi ya nguvu ya mshipi, usibahatishe kwa mkono. Akichoka atazama na kuanza kuzunguka duara chini ya boti, na hapo usilegee, kila anapopanda upande wako chukua mshipi, maana papa wa kule wanajua kusubiri na ukichelewa unapandisha kichwa kitupu.

Barafu sasa, na hapa naomba msome taratibu. Mwili wa jodari una joto kuliko maji aliyomo, na baada ya kupigana ndo umechemka kabisa. Mpige kichwani kwanza, kisha mchome nyuma ya pezi la ubavuni, kata na mashavu, damu itoke yote, halafu mzamishe kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari, siyo barafu kavu juu juu, uji ule unamgusa kila upande. Akikaa juani anatengeneza histamini, ndo ile ya kula samaki uso unawaka, kichwa kinagonga, mwili unawasha, na haitoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Kwa hiyo barafu ikibaki kidogo safari imeisha, pandisheni mishipi mrudi.

Wahuu naye ni huyo huyo kwenye barafu, ila jikoni usimkaushe, hana mafuta mengi, kipande kinene, moto mkali, ndimu na chumvi, mtoe kabla hajawa mkavu.