Kunyoosha mwongozo wa programu ya bekapu inayotumia amri

Mwongozo wa bekapu husomwa siku ya kuweka programu, kisha siku diski imekufa. Huyo wa siku ya pili ana hofu na haraka. Mwandikie yeye kwanza.

Hatua ya 1: Kurejesha kuje juu. Weka amri kamili, inayonakilika kama ilivyo. Mfano wa restic, programu mojawapo ya bekapu:

`restic -r /mnt/nakala restore latest --target /tmp/jaribio`

Chini yake eleza faili zitatokea wapi. Restic hutunza njia nzima, hivyo `/home/data/picha` itakuwa `/tmp/jaribio/home/data/picha`. Asiyeambiwa hilo hukuta folda ya `home` peke yake akadhani nakala imeharibika. Na kama kompyuta kadhaa zinatumia hifadhi moja, `latest` (nakala ya karibuni zaidi) inaweza kuleta nakala ya kompyuta nyingine, hivyo onyesha `--host`, inayotaja kompyuta unayoitaka.

Hatua ya 2: Kila amri itaje inachofuta. Onyo likae kabla ya amri, kwa sababu watu hunakili kwanza na kusoma baadaye. Kwenye rsync, programu ya kunakili faili, `--delete` hufuta upande wa nakala kila kisichopo kwenye chanzo. Diski ya chanzo ikiwa haijaunganishwa, folda yake ni tupu, na nakala yote itafagiliwa. Kwa hiyo mfano wa kwanza uwe wa majaribio:

`rsync -ani --delete picha/ /mnt/nakala/picha/`

Herufi `n` huzuia mabadiliko yoyote. Mistari inayoanza na `*deleting` ni faili ambazo zingefutwa.

Mkwaju (`/`) wa mwisho wa jina la folda usiuache kwa sentensi moja. `picha/` hupeleka vilivyomo ndani. Bila mkwaju, `picha` hupeleka folda yenyewe, na kwa amri hiyo ungepata `/mnt/nakala/picha/picha`. Chapisha matokeo ya yote mawili, moja chini ya jingine. Hapa mfano hufundisha kuliko maelezo.

Kwa restic, andika pia kwamba `forget` huondoa nakala kwenye orodha tu. Nafasi ya diski hairudi mpaka `prune`.

Hatua ya 3: Fafanua namba ambayo programu hurudisha inapomaliza. Restic ikirudisha 1 baada ya `backup`, hakuna nakala iliyotengenezwa. 3 maana yake nakala ipo lakini baadhi ya faili hazikusomeka. Rsync 24 ni faili zilizotoweka wakati wa kunakili, mara nyingi za muda tu. Bila maelezo haya, mwandishi wa skripti atapuuza zote au atashtuka kwa zote.

Hatua ya 4: Jaribu kwa mtu mgeni. Mpe kompyuta tupu, hifadhi ya nakala na mwongozo, kisha nyamaza. Kila anaposita, weka alama. Sentensi hiyo ndiyo ya kuandika upya. Mara nyingi atakwama kwenye nywila, kwa kuwa ilibaki ndani ya kompyuta iliyokufa. Restic haifunguki bila nywila, basi ukurasa wa kwanza useme itunzwe nje ya kompyuta hiyo.